Machinga Complex: walihesabu wauzaji, wakasahau wapita njia

Pale Ilala, jirani kabisa na uwanja wa Karume, kuna yale maghorofa ambayo kila mtu wa Dar anayajua kwa jina la Machinga Complex. Yalianza kutumika mwaka 2010, yamejengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uliochukuliwa na Halmashauri ya Jiji, zaidi ya shilingi bilioni 12, vizimba zaidi ya 4,000, na lengo lilikuwa moja tu, machinga, yaani vijana wanaochuuza mitaani, watoke barabarani waingie ndani wauze kwa amani bila kukimbizana na mgambo. Miaka ikapita na floo za juu zikabaki tupu. Chini ulikuwa unakuta watu, ukipanda ngazi kidogo ulikuwa unakuta vizimba vimefungwa na vumbi limetulia, huku nje barabarani watu walikuwa wametandaza kama kawaida.

Nimeamua niandike kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila ikija operesheni ya kuwaondoa machinga mjini maelezo yanayotolewa ni yaleyale, kwamba wamejengewa wakakataa, wabishi, wamezoea bure, hawataki kulipa kodi ya pango. Mimi nimefuatilia hii ishu muda mrefu na siamini kabisa kwamba vijana wale walikataa kwa ubishi, ukikaa na hesabu ya mtu mmoja mmoja utaona alikuwa anafanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote mwenye akili angefanya.

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvukazi, na chini ya sheria ile mtu aliyekutwa mjini bila kazi inayotambulika alionekana mzururaji, watu wakakamatwa, wengine wakapakiwa kwenye magari kupelekwa vijijini wakalime, na muuza karanga au mng'arisha viatu naye akahesabiwa hana kazi. Hapo ilikuwa miaka zaidi ya 10 tangu Shirika la Kazi Duniani, ILO, litoe ile ripoti yake ya Kenya ya 1972, iliyosema wazi kwamba hawa watu wa Nairobi mnaowaita hawana ajira wanafanya kazi sana tena wanazalisha, ila serikali haiwaoni, na ndiyo ripoti iliyolisambaza dunia nzima jina la sekta isiyo rasmi. Kwa hiyo elimu ilikuwepo, tena hapa jirani tu. Baadaye likaja wimbi la ruksa, yaani biashara kufunguliwa, enzi za mzee Mwinyi, bidhaa zikajaa, vijana wengi wa Lindi na Mtwara wakaja mjini kutembeza mali mkononi, na wengi husema jina la machinga limetokana na Machinga ya kule Lindi.

2006 na 2007 ikaja amri kubwa ya kusafisha miji, vibanda na meza vikavunjwa nchi nzima, na kwenye joto lile ndipo wazo la kuwajengea jengo lao likapata nguvu. Nataka hili lieleweke vizuri maana ndiyo mzizi wa kila kitu kilichofuata. Lile jengo halikuzaliwa na swali la hawa watu wanauza vipi, nani ananunua kwao na anapita saa ngapi, lilizaliwa na swali la tuwaweke wapi. Ukianza na swali la tuwaweke wapi utahesabu vichwa, utatafuta kiwanja, utagawanya kiwanja kwa vichwa, na kwa sababu kiwanja cha mjini ni kidogo utapanda juu. Kwenye karatasi inakaa vizuri sana.

Sasa njoo kwenye biashara yenyewe. Machinga wa soksi, vitambaa vya jasho, chaja, ndala, yule hauzi kwa mtu aliyetoka nyumbani anatafuta soksi, anauza kwa mtu aliyekuwa anakimbilia daladala, akaziona zimepangwa pale chini jozi kwa jozi, akakumbuka zake zimetoboka, akauliza bei bila hata kusimama sawasawa, akaambiwa elfu moja, akapunguziwa kidogo, akatoa, akaondoka. Inachukua nusu dakika. Huyo mteja hatapanda ngazi mpaka floo ya tatu kununua soksi, na siyo kwamba anamdharau muuzaji, ni kwamba hakuwa na safari ya soksi kabisa.

Tuchukue hesabu, na hizi namba ni za mfano tu ili tuone mwendo wake. Kijana anapata faida ya shilingi 500 kwa jozi. Akiwa kituoni anauza jozi 40 kwa siku, hiyo ni elfu 20, anatoa nauli, anatoa msosi, anatoa hela ya usafi na ya kutunziwa mzigo usiku, anabaki na kitu. Mpeleke juu auze jozi 8, hiyo ni elfu 4, msosi elfu 2, nauli kwenda na kurudi zaidi ya buku, hapo hujagusa kodi ya kizimba na bado nyumbani wanasubiri. Hata kizimba ukimpa bure kabisa atarudi barabarani, yaani ni bora akimbizane na mgambo siku mbili kwa wiki kuliko kukaa salama na njaa siku sita. Ukimwangalia kwa mbali unamuita mbishi, kumbe ukikaa naye na kalamu unaona amepiga mahesabu kuliko waliompangia.

Halafu kuna mtego mwingine ambao wachumi wanaujua sana. Chukua vijana 10 wanaouza vitu vinavyofanana barabara moja, watano wakaamua kuwa watiifu wakaingia ndani, sasa wale watano waliobaki nje wanapata wateja wote wa 10. Kila anayetii anampa mwenzake aliyekaidi mteja. Wiki ya pili mmoja wa watiifu anatoka, ya tatu anatoka mwingine, baada ya miezi miwili wote wako nje na aliyebaki ndani anaonekana mjinga. Kwa hiyo ili jengo lijae ilibidi waingie wote kwa pamoja na barabara ibaki tupu moja kwa moja, siku zote, na hilo hakuna jiji lenye mgambo wa kutosha kulisimamia, maana kila mwezi wanashuka vijana wapya Ubungo na baadaye Mbezi wakiwa na mtaji wa elfu 30 na hawana deni na mtu.

Kuna watu huwa wanasema tatizo ni kwamba jengo liko mbali na mjini, na hapo ndipo napenda sana kuwarudisha watu pale pale Karume waangalie kwa macho. Soko la Karume, lile la mitumba, liko ubavuni mwa Complex. Eneo ni lilelile, daladala ni zilezile, na lilikuwa linafurika. Watu walikuwa wanatoka Mbagala, Tegeta, Gongo la Mboto kuja kuchambua mitumba Karume, jua kali, matope mvua ikinyesha, mabanda ya mbao yamebanana mpaka unapita kwa ubavu, na pembeni hapo hapo kuna ghorofa la zege lenye nafasi na hakuna mtu. Kama ingekuwa ni umbali tu basi na Karume ingekufa.

Tofauti ni aina ya biashara. Mtumba wa Karume ni mali ya kufuatwa. Unajua ukifika pale utakuta wauza viatu wamekaa safu moja, guu moja moja limepangwa juu ya kiroba, limesuguliwa na dawa ya viatu mpaka linang'aa, na guu la pili liko ndani kwenye mfuko linakusubiri ukubaliane bei. Ukikosa saizi kwa huyu unamwendea jirani yake, na jirani akikosa anakuitia wa tatu. Mtu anakubali kupanda daladala mbili kwa sababu ana uhakika wa kuchagua. Mali ya aina hiyo ukiihamisha safu nzima, na wateja wakajua imehamia wapi, inaweza ikahama salama. Soksi za wapita njia haziwezi. Complex ilichanganya wote ikawapa kizimba cha saizi moja, bila mpangilio wa mali uliokuwa na nguvu ya kumvuta mteja juu, na wale wenye mali ya kufuatwa tayari walikuwa na soko lao pembeni hapo.

Na kuna kitu kinaitwa mali kauli ambacho kwa maoni yangu kingetakiwa kiwe ukurasa wa kwanza wa mpango wowote wa kuhamisha machinga wa Dar. Vijana wengi wa Kariakoo hawana mtaji. Anaingia asubuhi kwa mwenye duka, anapewa mabegi 10 au mashuka 15 bila kulipa, kwa neno tu, jioni anarudisha hela ya vilivyouzwa na mzigo uliobaki. Mwenye duka anamwamini kwa sababu anamwona, yuko hapo mbele ya duka, akitaka rangi nyingine anavuka barabara kuichukua mteja akiwa bado amesimama. Ule mtaa ndiyo benki yake, ndiyo stoo yake, ndiyo na mdhamini wake. Ukimtoa Kariakoo ukampeleka Ilala, hata kama kwa miguu ni mwendo mfupi, yule mwenye duka hamwoni tena, na mzigo anampa mwingine aliyebaki mbele ya duka lake. Hapo hujamhamisha mtu na meza yake, umemkatia mkopo ambao riba yake ni sifuri, na kinachomsubiri ni ile mikopo ya kausha damu yenye riba kubwa.

Nisiwe muongo, wenye maduka nao wana la kwao na wana haki. Mtu analipa fremu Kariakoo mamilioni, analipa kodi TRA, ana mashine ya risiti ya EFD, halafu mlangoni kwake kuna meza tatu zinauza kitu kilekile bila risiti na mteja hawezi hata kuingia. Wengine wao ndio hao hao wanaotoa mali kauli nje ili mauzo yasipite kwenye mashine, hilo lilisemwa sana 2021 na lina ukweli wake. Na mwenye kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa fimbo, wote walikuwa wanashuka kutembea kwenye lami katikati ya bodaboda kwa sababu njia ya miguu imejaa meza. Haya ni matatizo ya kweli, na mtu anayemtetea machinga bila kuyataja hamsaidii.

Sasa pesa ya jengo. Zege lilijengwa kwa mkopo na mkopo lazima ulipwe, na mlipaji aliyetarajiwa ni kodi ya vizimba. Gawanya bilioni 12 kwa vizimba 4,000, kila kizimba kimebeba karibu milioni 3 hata riba haijaanza kuhesabiwa. Mwaka 2018 serikali ilipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kigezo kilikuwa mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Mauzo jamani, siyo faida. Yaani mtu ambaye mauzo yake ya mwaka mzima hayazidi milioni 4 ndiye aliyewekwa nyuma ya kizimba chenye deni la milioni 3. Vizimba havikujaa, kodi haikuja, riba ikaendelea kutembea, na deni likaja kuvuka bilioni 30. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu inayouma kuliko zote, kwa sababu hela ile ingeweza kujenga vivuli, vyoo, mabomba ya maji na taa kwenye vituo na barabara nyingi sana ambazo tayari watu walikuwepo.

Desemba 2016 Rais Magufuli alikemea hadharani viongozi wa mikoa waliokuwa wanawafukuza machinga, na Desemba 2018 ndiyo vikaja vile vitambulisho 670,000 kwa kuanzia, shilingi 20,000 kimoja, ukiwa nacho husumbuliwi. Wasomi kadhaa, wakiwemo Michal Lyons, Alison Brown na Colman Msoka waliofanya utafiti wa muda mrefu kwa wachuuzi wa mitaani Tanzania, walishaonyesha kwamba maboresho ya leseni na usajili wa biashara yalimpita pembeni huyu mtu wa chini kabisa, kwa sababu hana anwani ya biashara inayotambulika. Kitambulisho kilimpa utulivu, hilo lazima lisemwe, watu walipumua. Ila hakikusema wapi. Kilimruhusu kufanya biashara bila kumpa mita moja iliyochorwa chini, kwa hiyo kila mtu akajipangia, njia zikajaa, na 2021 amri ikabadilika. Septemba serikali ikaelekeza wapangwe upya, Dar wakapewa mpaka Oktoba 18, ikasogezwa mpaka mwisho wa mwezi, kisha meza zikaondolewa. Wakaelekezwa masoko mbalimbali, Complex ikiwemo. Na usiku wa kuamkia Januari 16, 2022 soko la Karume, lile lililokuwa linafanya kazi, likaungua moto.

Huwa nalinganisha na Durban, Afrika Kusini, eneo linaitwa Warwick Junction. Pale ndipo treni, mabasi na taxi zote zinapokutana, watu wanaokadiriwa kufika 460,000 wanapita kwa siku, na wachuuzi kati ya 5,000 na 8,000. Miaka ya 90 baada ya ubaguzi kuisha halmashauri iliunda timu ikakaa palepale ndani ya eneo, watu wa usafi, wa barabara, wa afya, wa usanifu, ofisi moja, na wakaanza kwa kuangalia watu wanatembea wapi. Wauza dawa za asili walikuwa wamelala na mizigo yao kandokando ya njia. Kulikuwa na daraja la barabara kuu lililoachwa bila kumaliziwa, linaning'inia tu, wakaliezeka sehemu yake, wakaweka vibanda na maji, na cha maana kuliko vyote wakaliunganisha na njia ambayo abiria tayari walikuwa wanapita kutoka stesheni. Na lenyewe liko juu kama floo za Complex, lakini pale mteja hapandi kwa ajili ya soko, anapita akienda zake na soko liko njiani. Akina mama wapika mahindi wakatafutiwa sehemu yao ya kupikia, na wanaopika vichwa vya ng'ombe wakatengenezewa sehemu yenye maji na mfereji wa kupitisha mafuta, maana mafuta yale yalikuwa yanaziba mitaro ya jiji.

Durban siyo peponi. 2009, mji ukijiandaa na Kombe la Dunia, halmashauri hiyohiyo ikataka kulibomoa soko lao la asubuhi lililokuwepo tangu 1910 ili lijengwe duka kubwa la kisasa. Wachuuzi wakagoma, wanasheria wakaenda mahakamani, na 2011 mpango ukaachwa. Kilichowasaidia ni kwamba zilishakuwepo kumbukumbu, vyama vya wachuuzi vinavyojulikana, na watafiti waliokuwa wameandika nani anauza nini na anamlisha nani. India nao 2014 wakaweka kwenye sheria kabisa, hakuna kumhamisha mchuuzi kabla ya kuhesabu na kuandikisha, na kamati ya mji wachuuzi wenyewe wasipungue asilimia 40.

Kwetu ningeanza na vituo vya mwendokasi. Tangu mabasi yaanze Mei 2016 kila mtu anaona kinachotokea Manzese, Magomeni, Kimara, abiria wanashuka kwa mkupuo na pale wanapotokea ndipo meza zinapoota. Mkupuo ule una saa zake, asubuhi na jioni. Mtu akikaa siku tatu na daftari pale kituoni akahesabu vichwa kwa kila nusu saa atajua meza ngapi zinafaa, zikae upande gani ili njia ibaki wazi, na zitoke saa ngapi. Kariakoo kuna mitaa ambayo gari likiingia saa 10 jioni halitembei hata hivyo, ifungwe kwa magari saa hizo, ichorwe mistari ya rangi chini, mita moja na nusu kila mtu, namba kwenye lami na namba kwenye kitambulisho. Rangi ni rahisi kuliko zege, na ikionekana mmekosea mnafuta mnachora upya. Kwenye takwimu za ILO za 2018 asilimia 85.8 ya ajira zote Afrika ni zisizo rasmi, kwa hiyo huyu mtu hayuko njiani kuisha, ndiye mji wenyewe.

Na katika hesabu zote hizi kuna mtu ambaye sijaona akihesabiwa. Kuna mama lishe mmoja namfahamu, alikuwa anapika wali maharage na dagaa pembeni ya wale vijana, sahani inatoka saa 6 mchana, wengi wanakula kwanza wanalipa jioni wakishauza. Ana daftari la kaunta, kurasa zimelowa mafuta, hawaandiki majina ya kuzaliwa maana hayajui, ameandika wa soksi 3,000, wa chaja 1,500, mrefu wa mikanda 4,500, yule wa mabegi na mwenzie 6,000. Oktoba 2021 meza zilipoondolewa wale vijana walitawanyika, huyu katupwa huku yule kule, wengine wamerudi mkoani. Alinionyesha lile daftari mwaka uliofuata, alikuwa bado analitunza kwenye boksi la sufuria, akaniambia wa chaja alikuja kulipa, alitoka Mbagala mpaka pale kumtafuta, na jina lake limekatwa kwa kalamu nyekundu.